Nyumba Isiyobebeka

Tuktuk iliacha lami ikaingia njia ya mchanga, na dereva, ambaye hakufunga mdomo tangu kivukoni Likoni, akanyamaza ghafla. Akapunguza mwendo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyepotea mtaani kwake mwenyewe.

"Hapa palikuwa na nyumba," akasema. "Juma lililopita tu nimemshusha mama mmoja na gunia lake la mkaa, papa hapa."

Carolyne akainama kutazama nje. Aliona mstatili wa ardhi iliyoshindiliwa, ngumu na safi kama sakafu, na kwenye pembe zake mashimo yaliyokuwa yameshika boriti. Mpera mmoja. Kipande cha ukuta wa choo. Hapakuwa na kifusi wala alama ya tingatinga. Nyumba ilikuwa imeondoka tu. Mbele kidogo palikuwa na mstatili mwingine wa namna hiyo, na mwingine tena baada ya huo.

"Watu wamekwenda wapi?"

"Wamehama na nyumba zao. Mwenye ardhi ameuza." Dereva akageuka kumtazama. "Wewe wenda kwa nani, dada?"

"Kwa Bramwel. Alikuwa fundi kiwanda cha mabati, kule Changamwe. Mtu wa Vihiga."

"Ah! Yule mzee wa nyumba ya mawe!" Dereva akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Huyo yupo. Huyo atahama na nini?"

Carolyne alikuwa amezoea kufika mahali asipopajua. Miaka miwili aliuza simu Kampala, akajifunza Kiganda cha kutosha kugombana na wateja. Miaka sita alifanya kazi Maskati katika nyumba ya bibi mmoja kizee, akarudi anasoma Kiarabu na kukiota ndotoni. Kila alipofika alifanya mambo mawili: kusalimia kwanza, na kutouliza lolote kwa siku ya kwanza. Lakini safari hii alikuwa amebeba kitu kilichomlemea kuliko begi. Alikuwa amebeba jibu.

Bramwel alikuwa mdogo wa baba yake, Kefa. Mwezi mmoja nyuma alipiga simu nyumbani Vihiga akaomba kona ya kusimamisha nyumba, hata ya vyumba viwili, kabla ya siku aliyopewa kuondoka Mtongwe. Kefa hakutaka kumjibu kwa simu. Alimwita binti yake, ambaye tayari alikuwa na safari ya Mombasa, akampa maneno na kumwambia ayafikishe uso kwa uso. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Carolyne aliyajua kwa moyo, na tangu Mtito Andei alikuwa akitamani ayasahau.

Bramwel alimpokea mlangoni kwa salamu ya nyumbani, "Mirembe!", mikono yote miwili imeshika wake. Mtu mrefu wa miaka sitini na mmoja, amevaa shati la kazi lililopauka, jina la kiwanda limeng'olewa kifuani na kuacha alama ya mraba. Nyuma yake ilisimama nyumba yenyewe. Kuta za mawe ya kuchonga, zimepigwa lipu, zimepakwa rangi ya maziwa. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na ukumbi mrefu katikati uliowekwa vigae. Madirisha ya vyuma. Paa la mabati ya kijani yaliyolala sawasawa kama daftari lililopigwa mistari. Kwenye ukuta wa mbele mtu alikuwa amepaka X kubwa nyekundu, na rangi ilikuwa imetiririka hadi chini.

"Zimebaki siku tisa," Bramwel akasema alipoona anaitazama. "Karibu ndani. Vua viatu, vigae vinapenda miguu."

Hakuuliza habari ya Kefa. Aliuliza habari ya mvua, ya ng'ombe, ya daraja la Mbale, akauliza kama mchungaji yule wa sauti kubwa bado yuko hai. Kila alipomaliza swali alisubiri kidogo, kama anayempa mgeni nafasi ya kuongeza kitu. Carolyne alijibu alichoulizwa tu.

Usiku ule, kabla ya kulala, alipata kuelewa vizuri kisa cha ile mistatili.

Huku Mombasa bara, tangu zamani, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na nyumba ya mtu mwingine. Unamwendea mwenye shamba, mnakubaliana, anakupa kiwanja, unajenga, na kila mwezi unampa kodi ya mchanga uliosimamia. Siku akihitaji ardhi yake, anakupa muda, unachukua nyumba yako unakwenda. Watu wanaita nyumba bila ardhi na hawaoni ajabu yoyote. Ndiyo sababu wenyeji hujenga kwa boriti, udongo na mabati. Siku ya kuhama wanaezua mabati, wanang'oa milango na boriti, udongo wanaufagia kando, na jioni ya pili wamelala chini ya paa lao lile lile mahali pengine.

"Usifikiri nilidanganywa," Bramwel alimwambia. "Niliambiwa kila kitu. Mzee Boga, mwenye shamba hili, Mungu amrehemu, alinikalisha barazani mwaka 2004, akanimiminia kahawa, akasema, 'Baba Maxwell, nyumba ni yako, mchanga ni wangu.' Nikamjibu sawa. Unajua nilifikiri nini?"

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni maneno ya heshima. Kama mtu anavyokuambia karibu chakula na chungu kimeshaoshwa." Akacheka peke yake. "Kodi yenyewe ilikuwa haifiki bei ya kuku. Kitu kidogo hivyo kitawezaje kunitoa nyumbani kwangu?"

Kwao Vihiga aliyejenga ndiye mwenye ardhi. Hakuna anayeinua ukuta juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hiyo hakuna anayewaza jinsi ya kuushusha. Bramwel alikuwa amenunua nyumba ya udongo ya vyumba sita, na fedha ya kununulia alikuwa ameipata kwa kumuuzia Kefa nusu ekari yake ya kando ya mto. Ile nyumba ya udongo ilimtia aibu. Mwaka hadi mwaka, chumba hadi chumba, alibomoa udongo akaweka mawe. Krismasi ya mwaka 2011 alikwenda nyumbani na picha. Carolyne aliikumbuka siku ile. Alikumbuka jinsi baba yake alivyozishika zile picha muda mrefu, kisha akazirudisha.

Asubuhi walikaa barazani na chai ya tangawizi. Carolyne alimwambia alichokuja kutafuta: mji wa kuishi. Nairobi ilikuwa imemshinda, kodi inakula mshahara kabla haujapoa. Kijijini hapakuwa na kitu cha kufanya na Kiarabu chake. Alitaka mji wa kati, usio mkubwa wala mdogo. Simu yake ilikuwa na orodha: Kisumu, Eldoret, Mombasa, na chini ya kila mji safu mbili, faida na hasara. Safu za Mombasa zilikuwa tupu.

"Andika faida," Bramwel akasema, akanyoosha miguu. "Andika jua."

Akaandika.

"Sasa liandike na upande wa pili."

Carolyne akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nakuambia kweli. Nilikuja hapa mwaka 1990, nikiwa na miaka ishirini na sita. Nairobi niliogopa, walisema inameza watu. Hapa niliona mji wenye kimo cha binadamu. Tulilala watano chumba kimoja kule Chaani, sote wa kijiji kimoja, lakini kazini ulifika kwa miguu. Samaki ulikula hata katikati ya mwezi. Na watu wanakusalimia, binti yangu. Sio 'sasa' wakipita. Wanasimama. Mwaka 2014 nilishikwa na homa ya matumbo, mke wangu Quinter alikuwa amekwenda kuzika mama yake. Mwanasaumu, huyu jirani, aliniletea uji siku kumi na moja. Sikumwomba. Mji mkubwa ungeniua mlango umefungwa. Kijijini wangeniuliza kwanza nimelogwa na nani."

"Na hasara?"

"Kazi." Akaacha kuchezea kikombe. "Huku kazi zote, ukizifuata nyuma, zinaishia bandarini. Makontena yalipoanza kupanda treni kwenda bara, madereva wakaondoka. Mamantilie waliowapikia wakaondoka. Ujenzi ukalala, na mabati nayo yakakosa mnunuzi. Mji mkubwa una kazi nyingine za kukimbilia. Huu hauna. Ukianguka, unaanguka mpaka chini." Akafikiri. "Andika maji ya chumvi. Andika kivuko. Mtongwe tulikuwa na kivuko chetu, navuka hapo chini, napanda gari ng'ambo, nafika Changamwe jua bado halijapanda. Kikasimamishwa. Miaka yote hiyo nikazunguka Likoni, saa mbili kwenda na mbili kurudi. Halafu ikaja barabara ya Dongo Kundu, tukashangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia! Dakika ishirini hadi Changamwe. Hatukujua kwamba barabara inaleta na wanunuzi wa ardhi."

Alimtazama kunguru juu ya ua.

"Na lingine. Miaka thelathini na mitano naitwa mtu wa bara. Hawaniiti kwa ubaya. Ni kama unavyosema huyu mrefu, huyu mfupi. Nikienda nyumbani naitwa mtu wa Mombasa. Hilo liandike unakotaka."

"Kwa hiyo nisihamie?"

"Nimesema hivyo? Mimi ningekuja tena. Hilo ndilo linaloniudhi."

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Mwanasaumu kuhama. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti iliyozoea kuita watu ng'ambo ya ua, na familia yake ilikuwa imeishi katika shamba la kina Boga tangu enzi za babu yake. Carolyne alikwenda kusaidia kukunja vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwanasaumu akaweka sufuria chini. "Ebu! Na shikamoo yako imenyooka. Wa bara huisema kama waliotozwa faini. Umefundwa wapi?"

"Maskati. Bibi niliyemfanyia kazi alizaliwa Unguja."

"Wenda hadi Maskati kufundwa salamu, na sisi twakaa hapa bure? Rama! Wasikia haya?"

Rama, fundi, alikuwa juu ya kenchi miguu imening'inia, anang'oa misumari ya bati la mwisho. "Nasikia, mama. Mwambie anifunze Kiarabu, na mimi niende nikaezue nyumba za masheikh." Kisha akamwona Bramwel ng'ambo ya njia, amesimama mlangoni kwake. "Mzee Bramu! Ngoja nimalize hii nije nikubebee na yako. Toa mfuko!"

Watu wakacheka. Bramwel pia alicheka. "Leta mkubwa," akajibu, "na usisahau shimo la choo!"

"Rama, mdomo!" Mwanasaumu akafoka. Alipoinama tena kwenye vyombo vyake sauti ilikuwa imeshuka. "Nalimwambia, mwanangu. Lori la kwanza la mawe lilipokuja, nilivuka njia na kanga yangu, nikamwambia, Baba Maxwell, mbona mawe? Jenga cha kubebeka. Akanambia, Mama, mimi sihami. Basi nikanyamaza. Mtu akikwambia hahami, utasema nini tena? Ukizidi kusema, ataona wamfukuza. Mzee Boga mwenyewe aliona aibu kumkataza. Alipita kila mwezi, akapewa kodi, akausifu ukuta, akenda zake."

Kufika alasiri nyumba yake ilikuwa juu ya lori: boriti zimefungwa pamoja, mabati juu ya boriti, milango juu ya mabati, kitanda na kuku juu ya vyote. Ilikuwa inakwenda mtaa wa Shika Adabu, kwa kaka yake. Mwanasaumu alimuaga Bramwel kwa kumshika mkono na kukataa kuuachia. Hakusema ila, "Mungu atafanya njia, inshallah," na Bramwel akasema, "Amina, mama," na wote wawili wakaangalia pembeni.

Siku ya nne alikuja Ismail, mtoto wa Mzee Boga. Bramwel alikuwa amemwita kwa ombi moja: amuuzie kipande kile tu cha chini ya nyumba, hata kama ni kwa kumlipa polepole. Carolyne aliwaletea chai. Alichokiona, na ambacho hakikumtoka akilini, ni kwamba Ismail alivua viatu kabla ya kukanyaga vigae vya nyumba ambayo ardhi yake alikuwa ameiuza.

"Wallahi, Baba Maxwell, ingekuwa yangu peke yangu ningekukatia hapa hapa," alisema. "Tuko ndugu tisa. Limeuzwa shamba zima, na aliyenunua anataka kiwanja kitupu cha kuwekea makontena. Hata mimi nikija hapa mwezi ujao nitafukuzwa."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni wako. Chukua chochote uwezacho kuchukua." Alitazama kuta nene, akatazama chini. "Kodi ya miezi hii miwili sitaki. Tafadhali nisamehe."

"Hujanikosea," Bramwel akasema. Alimsindikiza hadi njiani. Aliporudi alichukua patasi na nyundo, akapiga magoti ukumbini, akajaribu kung'oa kigae. Kikapasuka vipande viwili. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kilitoka kizima hadi nusu, kisha nacho kikalia. Akainuka, akafagia vipande, akarudisha patasi mahali pake.

Kilichobaki cha kubebeka kilikuwa paa, milango sita na vyuma vya madirisha. Siku ya sita Rama akaja na ngazi.

Bramwel alisimamia uezuaji ule kama alivyosimamia kazi kiwandani. Hakutaka bati likunjwe wala kutupwa chini. Kila msumari ung'olewe wima, uingie koponi. Na kila bati lililoshuka alilipokea mwenyewe, akalilaza kwenye nyasi, akatoa chaki mfukoni na kuandika: mbele kulia moja, mbele kulia mbili, mbele kulia tatu. Carolyne alimtazama kwa mabati saba. Kwenye bati la nane akasogea karibu yake.

"Unaandika nini, baba mdogo?"

"Mahali lilipokaa. Bati likishazoea kenchi yake, matundu ya misumari yanajua njia. Nikipata kiwanja pale kwa Kefa, nitasimamisha vyumba viwili vya mbele kwanza. Haya kumi na sita ya mbele yanatosha." Alipuliza vumbi la chaki. "Mabati ya geji ishirini na nane, nilipitisha mengine mashineni kwa mikono yangu. Kefa atayapenda."

"Baba mdogo, usiandike."

Aliinua kichwa. Juu, Rama aliacha kupiga.

"Baba alinipa jibu lako. Nimekaa nalo tangu nifike."

"Najua umekaa nalo," Bramwel akasema taratibu. "Jibu zuri halikai siku sita. Sema basi."

Carolyne alilisema kama alivyopewa, bila kupunguza, kwa sababu hakujua apunguze wapi. "Alisema, 'Mahali pa kuzikwa hatutamnyima, hapo ni pa ukoo. Mahali pa nyumba hapana. Ardhi nimewagawia wanangu.'"

Bramwel alimaliza kuandika namba aliyokuwa ameianza. Mbele kulia nane. Akalilaza lile bati juu ya mengine, kingo zikakutana.

"Na wewe? Umegawiwa?"

"Mimi ni msichana."

"Aha."

Upepo wa mkondo ulipita ndani ya chumba kilichokwisha kuezuliwa na kuinua vumbi lililokuwa limefichika juu ya kuta miaka ishirini.

"Kefa hakukosea," hatimaye akasema. "Nilimwuzia. Alinilipa. Ila kuna kitu kimoja amekisahau. Kwetu mtu mzima halazwi kaburini kutoka kichakani. Lazima atoke katika nyumba yake. Sasa siku hiyo watanitoa wapi?"

"Watajenga kibanda."

"Cha siku moja." Alianza kucheka, kicheko cha chini kisicho na sauti, mabega yakitikisika. "Na watataka mabati. Watamwambia Maxwell, leta yale mabati ya baba yako."

"Maxwell hawezi kukuchukua?"

"Maxwell ana chumba kimoja Kitengela, yeye na mke na mtoto. Baba halali nyumbani kwa mwanawe, wajua hilo. Quinter yuko kwa dada yake Kisumu, na shemeji yangu aliniambia kwa adabu kabisa kwamba nyumba ni ndogo." Alisimama, akapangusa magoti. "Rama! Endelea, mwanangu. Mbona umekaa kama tausi?"

Jioni ile alipiga simu moja tu. Alimpigia Menza, waliyefanya naye kazi kiwandani, ambaye sasa alikuwa akivunja kokoto huko Mazeras. Carolyne alisikia upande mmoja wa mazungumzo. "Kiwanja... ndiyo, kidogo tu... Mwenyewe ni nani?... Kwa mwezi?... Sawa... Hapana, sitaweka mawe." Baada ya hapo alikaa na simu mkononi.

"Mazeras," akasema. "Kando ya machimbo. Ardhi ya mtu, kodi kila mwezi."

"Utajenga na nini?"

"Udongo."

Alisema neno hilo kama mtu anayemeza dawa aliyoikataa miaka mingi.

Carolyne naye alikuwa amepata alichokuja kutafuta, kama kupata ndiko huko. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini ilihitaji mtu wa kusoma hati za Kiarabu. Mshahara mdogo, mkataba wa miezi mitatu, kuanza Jumatatu. Chumba alipata ng'ambo ya njia, nyuma ya kiwanja cha Mwanasaumu, nje ya shamba lililouzwa, kwa Ummi, dada wa Mwanasaumu. Nyumba ya Ummi ilikuwa ya boriti na udongo, na mabati yake yalikuwa na matundu ya misumari kutoka nyumba nyingine mbili za zamani. Kabla ya kukubali chumba, Carolyne aliuliza swali ambalo juma moja kabla lisingemjia.

"Ardhi hii ni ya nani, mama?"

"Ya wenyewe."

"Wako wapi?"

"Tangu nizaliwe sijawaona. Yasemwa wako Omani."

Miaka sita Carolyne alikuwa amepiga pasi kanzu za watu wa huko. Huenda mwenye ardhi yake alikuwa mmoja wao, aliyemwambia asante sebuleni bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Alimpa Ummi kodi ya mwezi mmoja. Yeye na begi lake walikuwa wanabebeka.

Lori lilikuja siku ya tisa asubuhi, na aliyenunua ardhi alikuwa amekwisha kutuma watu wa kupima. Walikaa chini ya mpera wakisubiri kwa adabu. Milango sita ilipakiwa kwanza, kisha vyuma, kisha mabati yote arobaini na nane. Kopo la misumari Bramwel alilishika mwenyewe. Alizunguka ndani ya nyumba mara moja, chumba kwa chumba, mkono ukigusa ukuta kwa ndani kama mtu anayetafuta swichi gizani, ingawa jua lilikuwa limejaa kila mahali. Kwenye ukumbi vigae viling'aa. Havikuwa vimewahi kupigwa na jua hivyo tangu viwekwe.

"Nzuri, sivyo?" akasema.

"Nzuri sana, baba mdogo."

"Hata sasa."

Dereva alipiga honi. Upepo ulikuwa ukiyanyanyua mabati ya juu, naye akamwomba mzee apande akae juu yake kuyashikilia, kwa kuwa kamba moja ilikuwa fupi. Bramwel alipanda. Rama alimsukuma kwa chini, akimtania kwamba sasa kweli amehamia juu ya paa lake, na Bramwel akamjibu kwamba angalau huko hakuna kodi. Akaketi, miguu imekunjwa, kopo mapajani.

"Orodha yako," akaita kutoka juu. "Umeweka nini?"

Carolyne alikuwa ameifuta. "Sijamaliza," akasema.

Bramwel akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo lilikuwa sahihi. Lori likayumba kwenye mchanga, likapita mstatili wa Mwanasaumu, na mistatili mingine, likashika njia ya kwenda Dongo Kundu, ile barabara aliyoishangilia. Bramwel alikuwa ametazama mbele. Bati la juu kabisa, lile alilolikalia, lilikuwa limetokeza ukingo nyuma ya lori, na juu ya ukingo Carolyne aliona maandishi ya chaki ambayo hakuna aliyekumbuka kuyafuta: mbele kulia moja.

Mlio wa mabati ulisikika muda mrefu baada ya lori kupotea. Watu wa kupima waliinuka kutoka chini ya mpera, wakakung'uta suruali zao, na mmoja akamwuliza Carolyne, kwa upole, kama yeye ni wa nyumba hii.

"Hapana," akasema, akawapisha, akavuka njia kwenda kwa Ummi.